Majani Yanayokausha Mdomo

Bibi yangu alikuwa akitengeneza chumvi ya majivu. Hii ni zamani, kwetu magharibi, mimi bado nachunga mbuzi. Chumvi ya duka ilikuwako, lakini ilikuwa ya wageni na ya Krismasi. Bibi alikusanya maganda ya maharagwe baada ya kupura, akayachoma, majivu akayatia ndani ya chungu kikuukuu chenye matundu chini, kisha akamimina maji juu yake kidogo kidogo. Yale yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai. Alipikia kunde na mrenda, na ukitia mengi yanakuchubua mdomo. Kwa hiyo kila mara alionja kwanza, ameinama, jicho moja amelifumba, na sisi tulijua tusimsemeshe wakati huo.

Siku moja nikamwambia mimi pia naweza. Nikachovya kidole, nikaonja, nikasema bado, hayana ukali. Akanichapa mwiko wa mgongo. Nilidhani ni kwa ajili ya uchafu wa kidole. Kumbe ni kwa sababu nilikuwa nimetoka kula mapera mabichi na meno yangu bado yalikuwa na rangi yake. Akasema mtu aliyekwisha kula asimwambie mwenzake kitu kina ladha gani. Basi nikakimbia, nikaenda kulilia mbuzini, na maneno hayo nikayaacha pale pale kwenye moshi. Nilikuja kuyaokota nikiwa mtu mzima, na wakati huo hayakuwa na faida tena.

Nimeanza na bibi kwa sababu nikianza na Ruiru moja kwa moja nachoka kabla sijafika. Umri huu mtu huchoka hata kwa kukumbuka. Magoti ndiyo yalianza, halafu macho, na sasa naona hata zile siku zenyewe zimechoka, zinakuja polepole kama ng'ombe wa mwisho. Lakini nimeombwa niandike, na mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa hiyo anayesoma anivumilie.

Nilitoka nyumbani nikiwa nimeoa mwaka mmoja. Nilifika Thika kwa gari la moshi, na kofia ya baba mkwe kichwani. Zilikuwa siku za hali ya hatari. Wakikuyu wengi walikuwa wametolewa mashambani na viwandani, wakapelekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, wengine kizuizini, na kazi zao zikatafutiwa watu kama sisi. Nasema wazi kwa sababu watoto wetu hupenda kusema tuliinuka kwa bidii yetu. Bidii ilikuwako, sikatai. Lakini nafasi ilikuwa ya mtu mwingine. Kitanda nilichopewa Thika kilikuwa na jina la mtu lililochongwa kwa kisu kwenye ubao wa kichwani, na huyo mtu sikumwona hata siku moja. Nilimlalia kitanda chake mwaka mzima na zaidi.

Kazi ilikuwa ya magome. Kulikuwa na kiwanda cha kukamua magome ya miti ya miwati, wanatoa ile dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Sisi tulishusha magome kwenye lori, tukayabeba mgongoni mpaka ndani. Vumbi lake lilikuwa jekundu, na likiingia mdomoni, mdomo wote unakunjamana, ulimi unakuwa kama kipande cha gunia. Ukinywa maji hayasaidii. Ugali wa jioni ulishuka kwa kusukumwa. Wenzangu walizoea, mimi sikuzoea, kila asubuhi ilikuwa kama siku ya kwanza. Halafu kifua kikaanza kunisumbua, na mtu mmoja tuliyekuwa tukisali naye akaniambia Ruiru kuna shamba la kahawa lenye ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wa Kizungu, wanatafuta watu wa kukata majani. Nikatoka Thika kwa miguu alfajiri, jua likiwa kichwani nikafika. Njia nzima nilikuwa natema mate mekundu.

Sasa ndipo nimefika.

Shamba lilikuwa linateremka mpaka mtoni. Juu kabisa kuna mawe, katikati kahawa na viwanja vya majani, chini boma la ng'ombe na mto. Mwenyewe alikuwa Mzungu mrefu mwenye kikohozi, tulimwita bwana tu, mtu wa kupenda kujaribu vitu. Alipanda lusini, ambayo ng'ombe huipenda kupita kiasi, na maziwa yanakuja. Lakini lusini changa, hasa ikiwa mvua imenyesha, humfurisha ng'ombe tumbo. Povu linajaa ndani, ubavu wa kushoto unainuka kama ngoma, na usipowahi anakufa amesimama. Basi bwana akaletewa na rafiki yake mbegu za mmea mwingine, wa kutambaa, wa jamii ya kunde, majani matatu matatu. Mbegu zake zilishika nguo, ukipita unatoka umebandikwa mpaka kiunoni. Sisi tulisema majani ya kunata. Ukiyatafuna yanakausha mdomo, na hayo yakichanganywa na lusini, ng'ombe hafuri.

Lakini si kila siku yanakausha sawasawa, na hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe.

Aliyejua mambo hayo alikuwa mzee mmoja Mkamba, wa upande wa Gatuanyaga, mashariki ya Thika. Shamba zima lilimwita mzee wa majani. Kila asubuhi kabla ya umande kukauka alipanda mpaka juu kwenye mawe, akachuma jani akatafuna, akashuka katikati, akatafuna, akashuka mtoni, akatafuna. Halafu anawaambia wakataji: leo fungu moja la kunata kwa matatu ya lusini. Au moja kwa moja. Au leo msiguse ya mtoni. Hakuwa na kipimo kingine. Bwana mwenyewe alikuwa na vitabu, lakini alimsubiri mzee ateme mate.

Aliponifundisha hakusema mengi. Ya juu kwenye mawe, yanayopigwa na jua na kukosa maji, yalikuwa madogo, magumu, ukitafuna moja mdomo unafungwa kama umekula ndizi mbichi. Hayo machache tu yanatosha, ukizidisha ng'ombe wanageuza shingo na maziwa yanapungua. Ya mtoni, kwenye kivuli, yanayonyweshwa na mkojo wa boma, yalikuwa mapana, laini, hayana kitu. Ya katikati ndiyo yenye kuhangaisha. Jua likiwaka wiki mbili yanakuwa kama ya mawe. Mvua ikinyesha, au ukitia samadi, yanageuka kuwa ya mtoni, na kwa macho huoni tofauti. Mzee alisema jani likishiba linasahau kujilinda, kama mtu wa kiwandani siku ya mshahara.

Bwana alinieleza baadaye sana kwamba kile kinachokausha mdomo ni ndugu wa kile kilichomo kwenye magome ya miwati. Nilicheka peke yangu. Nilikimbia Thika kwa ajili ya kitu hicho, nikakikuta Ruiru kinanisubiri shambani.

Nyapara wetu, mtu wa magharibi kama mimi lakini si wa kabila langu, alizoea kutungojea njiani. Alikuwa akituuliza pembe zitaota lini. Mzee alimjibu kwamba zikiota atamjaribia yeye kwanza. Hiyo ilikuwa kila siku, maneno yale yale, hakuna aliyecheka tena lakini wasingeacha.

Sasa jambo la ulimi. Siku moja mchana tulipikiwa ugali wa posho iliyomwagikiwa mafuta ya taa kwenye gari. Watu walitema, wakatukana, mmoja akawapa mbwa na mbwa wakakataa. Mimi niliyekaa karibu na mzee nilimwona anakula. Anamega, anachovya mboga, anameza, taratibu, kama mtu aliye kwake. Nikamwambia, mzee, ugali huu. Akasema umeiva vizuri. Halafu akainua macho, akaona sahani za wengine zote zimejaa, na mkono wake ukasimama kati ya sahani na mdomo.

Kesho yake kwenye mawe hakutafuna. Alikaa juu ya jiwe, akatoa kibweta cha ugoro, akakirudisha bila kukifungua. Aliniambia kwamba baada ya homa aliyougua wakati wa baridi, ulimi wake ulikufa. Ugali, udongo, asali, yote sawa. Miezi mitatu alikuwa anakisia kwa kuangalia mawingu na kukumbuka mvua ilinyesha lini, na Mungu amemsaidia hakuna ng'ombe aliyekufa. Akasema wewe ulibeba magome Thika, kwa hiyo unajua.

"Wewe onja," akasema. "Mimi nitasema."

Lazima nieleze kwa nini hakwenda tu kwa bwana akasema nimechoka, nipe kazi ya lango. Mzee alikuwa na ng'ombe wake watatu kwenye shamba lile. Bwana alimpa kona moja nyuma ya kahawa, na ruhusa ya kunywesha mtoni, kwa ajili ya ule ulimi, si kwa kitu kingine. Hakuna mfanyakazi mwingine aliyeruhusiwa hata mbuzi. Na kwao Gatuanyaga mvua ilikuwa imekataa msimu wa pili. Ndugu zake walikuwa wakipitisha ng'ombe kwenda kuuza Thika, mifupa inaonekana, wengine wanaanguka njiani na kuchunwa hapo hapo. Ulimi ukijulikana umekufa, ng'ombe watatu wanatoka. Wakitoka wanakwenda vumbini. Alikuwa na hao tu. Mke alikuwa amezikwa, watoto wa kike wameolewa, na mmoja wa hao watatu, dume mdogo mwenye baka jeupe, alikuwa amemlea kwa mkono baada ya mama yake kukataa kumnyonyesha.

Nikakubali. Si kwa huruma peke yake, niseme ukweli. Tulikuwa watu sita katika chumba kimoja cha kambi, na mzee akanihamishia kwake, kwenye kibanda chake kilicho karibu na hao ng'ombe. Kila asubuhi baada ya kuonja, siyo kabla, nilipewa maziwa kwenye kibuyu. Sharti lake lilikuwa hilo moja tu: kabla ya majani kitu chochote kisipite mdomoni, hata maji. Suuza, tema, panda.

Nilionja hivyo karibu mwaka mzima. Msomaji ataona ni kazi ndogo, kutafuna jani. Lakini ni kupanda mlima na njaa tumboni, umande mpaka magotini, mbegu zimekushika suruali, halafu mdomo umefungwa mpaka saa nne. Halafu ndipo unashika panga ukate na wengine mpaka jioni. Nilichoka mpaka nikawa naota natafuna. Mke aliandikisha barua kutoka nyumbani kwamba mtoto wa ile likizo yangu ya mwisho amezaliwa na ni msichana, na ninakumbuka niliisoma nimelala chali, nikalala usingizi katikati ya barua. Mzee aliisoma sura yangu asubuhi, akasema, nyinyi watu wa magharibi, wala kuku, mnazaa bila kelele. Akanipa maziwa zaidi siku hiyo.

Sasa nakuja kwenye ile asubuhi, na ningependa kuizunguka lakini sioni njia.

Ulikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Ruiru ya manyunyu, isiyonyesha ikaisha wala kuacha jua litoke. Lusini ilikuwa imechipuka upya. Juu kwenye mawe majani ya kunata tulikuwa tumeyakata mpaka kwenye mizizi, ilibidi tutumie ya katikati. Mzee alikuwa na maumivu ya mgongo, akanituma peke yangu, niende nirudi nimwambie. Nilikuwa na siku mbili za kusumbuliwa na kikohozi kile cha Thika. Nikashuka kupitia jiko la kambi, na mwanamke aliyekuwa akiwapikia wakataji alikuwa amechemsha strungi, ile chai ya rangi, imekaa motoni tangu alfajiri mpaka imekuwa nyeusi na kali ya kukunja ulimi. Akanitazama ninavyotetemeka, akanimiminia kikombe cha bati bila kuniuliza.

Nilikishika kwanza kwa ajili ya mikono. Naapa ilikuwa kwa ajili ya mikono. Halafu mvuke ulinifika usoni.

Nilikunywa chote. Nikasuuza mdomo kwa maji ya mtaro, nikapanda, nikachuma jani la katikati, nikatafuna. Mdomo ulikuwa mkavu, umekunjamana vizuri. Sikuwaza. Nilichowaza ni kwamba nikimaliza haraka nitarudi motoni. Nikashuka nikamwambia mzee ya katikati yako sawa, yanakausha kama ya mawe. Akaniuliza mara mbili, kwa sababu kiwanja hicho kilitiwa samadi wiki chache nyuma na manyunyu hayajakata. Nikasema mzee, nimeonja. Akaenda akawaambia wakataji fungu moja kwa manne.

Ng'ombe walianza kufura kabla ya saa sita. Sitayaeleza yote. Tulikimbia na chupa za mafuta ya kuwanywesha, tukawatembeza, bwana mwenyewe na kile chuma chake cha kutoboa ubavu, povu linamrukia kifuani. Wengine walipona. Wawili walikufa, mmoja wao ni yule mweusi aliyekuwa anatoa maziwa kuliko wote, ambaye bwana alimleta kutoka mbali akiwa ndama. Alikufa kichwa chake kiko kwenye mguu wa mzee. Bwana akaketi kwenye matope pale pale. Kisha akauliza, kwa kile Kiswahili chao, nani ameonja asubuhi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mkia wa ng'ombe, nimeshika chupa tupu.

"Mimi," mzee akasema.

Hakunitazama hata kidogo. Bwana akainuka akaenda.

Tulipofika kibandani, nilimsubiri anitukane. Hakunitukana. Aliwasha moto, akaweka sufuria, akaketi akijikanda mgongo. Nikamwambia mwenyewe.

"Mzee, nilikunywa strungi."

Ng'ombe wake walikuwa wakitafuna nje, tuliwasikia.

"Ilikuwa na sukari?"

"Haikuwa na sukari."

"Basi hata hukufaidi," akasema, akachochea moto.

Nilimwambia kesho nitakwenda kwa bwana niseme yote. Alitikisa kichwa. Alinieleza kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: nikisema nilikunywa chai, nimesema pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikionja, na nikisema hivyo nimesema ulimi wake umekufa. Sasa wanafukuzwa wawili na ng'ombe watatu. Nikinyamaza, labda bwana atahesabu ni bahati mbaya, mvua, samadi, na mzee anaweza kubaki. Nilishikilia hiyo labda kwa mikono yote miwili. Ilinifaa sana, hiyo labda. Ilikuwa nzuri kwa mzee na nzuri zaidi kwangu.

Kwamba ile kazi ya kuonja baadaye ilikuja kuwa yangu, kwa jina na kwa mshahara, na kwamba niliifanya miaka mingi mpaka bwana akauza shamba akaenda kwao, nalisema hapa ili nisimalizie nalo. Halistahili kuwa mwisho.

Zilipita siku nne. Nyapara akamwambia bwana, na hakudanganya, kwamba amekuwa akituona asubuhi kutoka kwenye kahawa, na yule kijana ndiye hutafuna kwanza, halafu wanasemezana, halafu mzee hutafuna kidogo na kutema. Siku ya tano, saa ya posho, bwana akatuita wote uani mbele ya boma. Alikuwa ameweka madebe matatu juu ya benchi. Ndani ya kila debe kulikuwa na majani ya kunata yaliyopitishwa kwenye mashine ya kukatia, yamekuwa vipande vidogo vidogo, huwezi kujua yapi mapana yapi madogo. Moja la mawe, yale machache yaliyosalia kwenye nyufa, moja la katikati, moja la mtoni. Bwana peke yake alijua, alikuwa ameweka alama chini ya kila debe.

Akamwambia mzee aonje, aseme lipi ni la wapi. Hakusema kwa ukali. Nafikiri alikuwa anatamani mzee ashinde. Niliona vidole vya bwana vinavyochezea kifungo cha koti, kama mtu ambaye mtoto wake anasoma mbele ya kanisa.

Mzee akachukua kutoka debe la kwanza, akatafuna. Taya yake ikaenda polepole, jicho moja amelifumba, na sijui kwa nini wakati huo nilimwona bibi yangu ameinamia chungu. Akatema. Akachukua la pili. Watu wapatao hamsini walikuwa pale na hakuna aliyekohoa, ila mimi. Mimi nilikohoa.

Ningeweza kutoka mbele. Ningeweza kusema, bwana, niache mimi nionje, huyu mzee ni mgonjwa, au lolote. Mguu wangu wa kulia ulisogea. Nakumbuka vizuri sana kwamba ulisogea, mpaka leo naweza kukuonyesha ulisogea kiasi gani. Halafu nikamfikiria yule msichana wa nyumbani ambaye sijamwona, na kipande changu, ile karatasi ya kazi, kilichoko kwenye sanduku la nyapara, na yale magome kule Thika, na mguu ukarudi mahali pake. Mzee aliuona. Kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe wafe alinitazama, akautazama ule mguu, akageuza uso kwenye debe la tatu.

Akatafuna la tatu muda mrefu kuliko yote. Nafikiri alikuwa anautafuta ulimi wake kwa mara ya mwisho, aone kama uko pale. Mbu wa mchana walimkaa usoni asiwafukuze. Kisha akameza. Hakuwahi kumeza, siku zote alitema.

"Yote ni majani, bwana," akasema.

Bwana akafungua mdomo, lakini mzee alikuwa ameshaanza kufungua lile gunia alilojifunga kiunoni kwa ajili ya umande. Akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya benchi kando ya madebe, na panga lake juu ya gunia. Hakufukuzwa. Nataka ijulikane hivyo, hakuna aliyemfukuza, bwana alikuwa bado anatafuta neno. Alitembea tu. Alipita katikati yetu, watu wakampisha, akapita karibu nami kiasi cha kunisikia ninavyopumua, akanukia ugoro na moshi wa kibanda chetu, akaendelea.

Akaenda kwenye ile kona nyuma ya kahawa. Akavuta miiba langoni. Wakatoka wale watatu, jike mkubwa mbele, jike mdogo, halafu dume mwenye baka jeupe. Hakuingia kibandani kuchukua hata blanketi. Akawaswaga kwenye njia inayokwenda barabara ya Thika, na nyapara, ambaye nadhani moyo ulikuwa umeanza kumsuta, akapaza sauti kwamba mzee, posho yako ya wiki hii bado iko. Mzee hakugeuka.

Pale njia inapokutana na ua wa miiba ya kaiyaba, majani ya kunata yalikuwa yamepanda juu ya ua, yamejiotea yenyewe kwenye changarawe. Yule dume akasimama, akavuta mdomo mmoja. Mzee akasimama pia. Akamngoja amalize kutafuna, mkono wake mgongoni mwa dume, bila haraka. Halafu akamgusa kwa fimbo, wakageuka kona ya ua, na hakurudi.